Ahadi za Muuzaji Zisizoandikwa: Haki za Mnunuzi katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa

Risiti nyingi zinazotolewa madukani hubeba maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Wananchi wengi huyasoma maneno hayo kama hukumu: pasi ikikataa kuwaka siku ya pili, hasara ni ya aliyeinunua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotumika Tanzania Bara, haisemi hivyo. Katika vifungu vya 14 hadi 17, sheria hiyo inaingiza ndani ya mkataba wa mauzo ahadi ambazo muuzaji huhesabiwa kuwa amezitoa hata kama hakutamka neno lolote wala kuandika karatasi ya waranti.

Sheria hii ilitungwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893. Kabla ya hapo kanuni iliyotawala ilikuwa moja, kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kanuni hiyo haikufutwa. Iliwekewa mipaka, na ndani ya mipaka hiyo ndimo haki za mnunuzi wa leo zinamopatikana.

Ahadi ya kwanza inahusu umiliki. Anayeuza huchukuliwa kuwa ana haki ya kuuza, na kwamba mnunuzi ataitumia mali yake bila kubughudhiwa. Mtu aliyenunua simu ambayo baadaye inachukuliwa na polisi kwa kuwa iliibwa anaweza kumdai muuzaji bei yote aliyolipa, ingawa aliitumia kwa miezi kadhaa. Muuzaji hawezi kujitetea kwamba naye hakujua. Ahadi hii humfunga hata mtu binafsi asiye mfanyabiashara, jambo ambalo si kweli kwa ahadi ya ubora.

Ya pili ni kulingana na maelezo. Mfuko ulioandikwa mbegu ya mahindi ya aina fulani hauna budi kuwa na aina hiyo, si nyingine inayofanana nayo. Bidhaa ikiuzwa kwa sampuli, shehena yote ilingane na sampuli hiyo. Na ikiuzwa kwa sampuli na maelezo kwa pamoja, haitoshi kulingana na kimoja tu.

Kifungu cha 16 ndicho chenye uzito mkubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Kina sehemu mbili. Kwanza, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia, kwa namna inayoonyesha kuwa anategemea ujuzi wake, na muuzaji huyo hufanya biashara ya bidhaa za namna hiyo, bidhaa haina budi kufaa kwa matumizi hayo kwa kiwango cha kuridhisha. Mkulima anayemwambia mwenye duka la pembejeo kuwa anataka pampu ya kuvuta maji kisimani amekwisha kuweka sharti, hata kama yeye mwenyewe halitambui. Pili, bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaoifanya istahili kuuzwa kwa jina hilo.

Mfano unaotajwa sana katika vitabu vya sheria ni wa daktari mmoja wa Adelaide, Australia, aliyenunua nguo za ndani za sufu dukani na kupata ugonjwa mbaya wa ngozi kutokana na kemikali iliyobaki kwenye kitambaa. Mwaka 1935 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa pia ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Tanganyika, liliamua kuwa muuzaji amevunja ahadi zote mbili. Hakuwa ametengeneza nguo hizo wala hakuweza kuiona kemikali. Hilo halikumwokoa, kwa kuwa mkataba wa mauzo ni kati ya mnunuzi na aliyemuuzia. Jibu la "nenda kwa aliyetengeneza" kwa hiyo si utetezi kisheria.

Hata hivyo ulinzi huu una mipaka. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kioo chenye ufa unaoonekana ni juu yake. Anayeagiza bidhaa kwa jina lake la kibiashara, bila kutegemea ushauri wa muuzaji, hupoteza ahadi ya kufaa kwa matumizi mahususi, japo ile ya ubora hubaki. Aidha, sheria haimpi mtu haki ya kurudisha kiatu kizima kwa sababu tu amebadili mawazo.

Hapo ndipo maneno ya kwenye risiti yanapopata maana yake halali. Ni kweli kwamba sheria inaruhusu pande mbili kuziondoa ahadi hizi kwa makubaliano ya wazi. Lakini makubaliano hufanyika kabla ya mauzo kukamilika. Sentensi ambayo mnunuzi anaiona kwa mara ya kwanza baada ya kulipa, chini ya risiti, ni vigumu kuiita makubaliano.

Nafuu anayoipata mnunuzi inategemea kilichovunjwa. Sheria hutofautisha sharti la msingi, ambalo likivunjwa humpa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa na kudai fedha zake, na dhamana, ambayo ikivunjwa humpa fidia tu. Ahadi za ubora, maelezo na sampuli ni masharti ya msingi. Lakini mnunuzi aliyekwisha kuipokea bidhaa kisheria, au aliyenunua kitu mahususi ambacho umiliki wake umekwisha kuhamia kwake, kwa kawaida hubaki na fidia. Kupokea huko si kubeba mzigo tu: ni kumwambia muuzaji umeridhika, au kuutumia mzigo kama mmiliki baada ya kupata nafasi ya kuukagua, au kukaa nao muda unaozidi kiasi bila kusema kitu. Kwa hiyo kuchelewa kulalamika kunaweza kugeuza haki ya kurudishiwa bei yote kuwa haki ya kudai sehemu yake.

Mnunuzi anayeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuisafirisha hadi dukani, isipokuwa kama walikubaliana hivyo. Inatosha amjulishe muuzaji kuwa ameikataa. Ni vema taarifa hiyo iwe ya maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na risiti ya kielektroniki itunzwe kwa kuwa ndiyo inayothibitisha nani aliuza, lini na kwa bei gani.

Muuzaji asiporidhia, madai hupelekwa mahakamani, na kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Malalamiko ya udanganyifu katika biashara na bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), na yale ya bidhaa zisizokidhi viwango hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).