Mafuta Haya ni ya Nani? Swali la Miaka Mingi Lafika Pwani ya Palma

Bamvua likipwa, Ghuba ya Tungi mbele ya mji wa Palma, kaskazini kabisa ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, hugeuka uwanda wa mchanga, nyasi bahari na miamba. Wanawake hushuka na ndoo na vikapu kuokota kombe. Wengine huchokoa pweza mashimoni. Kitoweo hicho hakina stakabadhi. Kinapikwa jioni ile ile, na kinachobaki huuzwa jirani. Ng'ambo ya pili ya ghuba ni rasi ya Afungi, panapojengwa mitambo ya gesi inayogharimu dola bilioni 20.

Gesi hiyo ilianza kugunduliwa baharini Februari 2010 na kampuni ya Marekani iitwayo Anadarko. Miezi miwili baadaye, tarehe 20 Aprili, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walikufa, na kisima kikatapika mafuta kwa siku 87. Jina lililosikika duniani kote ni BP, iliyosimamia uchimbaji. Ni wachache waliojua kwamba robo ya kisima kile ilikuwa mali ya Anadarko.

Anadarko iliielekezea BP lawama zote. Haikufua dafu. Mwaka 2011 ilikubali kuilipa BP dola bilioni 4, na mwaka 2015 jaji wa Marekani akaitoza faini ya dola milioni 159.5 kwa sababu ilikuwa mmiliki mwenza, ingawa haikushika usukani. Mwenye fungu katika faida alionekana kuwa na fungu katika hasara.

Jibu hilo halikupatikana kwa siku moja. Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipanda mwamba kusini magharibi mwa Uingereza, na zaidi ya tani 100,000 za mafuta zikachafua pwani za Uingereza na Ufaransa. Bendera yake ilikuwa ya Liberia, mmiliki wake kampuni yenye ofisi Bermuda, na aliyeikodi ni BP. Waingereza walipotaka fidia hawakuona wa kumshika. Ikabidi wasubiri meli dada, Lake Palourde, itie nanga Singapore, ndipo wakaikamata. Serikali hizo mbili hatimaye ziligawana pauni milioni 3. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa mkataba wa kimataifa wa 1969, unaomtaka mwenye meli alipe bila wenye hasara kulazimika kuthibitisha uzembe wake.

Machi 1978 ikaja zamu ya Bretagne, Ufaransa, ambako meli ya Amoco Cadiz ilikatika vipande na kumwaga tani zipatazo 220,000. Wilaya za wavuvi zilikataa kufungwa na kikomo cha fidia cha mkataba. Zilivuka bahari zikafungua kesi Chicago, nyumbani kwa kampuni mama ya mwenye meli. Mwaka 1984 Jaji Frank McGarr aliamua kwamba kampuni mama haiwezi kujificha nyuma ya kampuni zake tanzu. Hata hivyo, kesi haikufungwa hadi 1992.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, msiba ukaifikia Msumbiji. Meli ya Katina P, ikiwa na zaidi ya tani 60,000 za mafuta mazito, ilipasuka ubavu katika dhoruba. Nahodha akaipandisha makusudi kwenye fungu karibu na Maputo isizame. Maelfu ya tani yalimwagika kwenye maji ya kamba na mikoko, na meli yenyewe ilizama baadaye ikivutwa kwenda mbali. Nchi ilikuwa bado vitani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma Oktoba mwaka huo. Msumbiji haikuwa imejiunga na mikataba ya fidia. Ilipofika 2003 ndipo mikataba iliyoboreshwa, pamoja na mfuko wa fidia wenye makao London, ilipoanza kutumika nchini.

Lakini mikataba hiyo ni ya mafuta yanayobebwa na meli. Kwa visima vya chini ya bahari, dunia mpaka leo haina mkataba kama huo. Waulize wakulima wa mwani wa Indonesia. Agosti 2009 kisima cha Montara kilipasuka upande wa Australia, na mafuta yakafika kwenye mashamba yao ya baharini. Zaidi ya wakulima 15,000 walijiunga katika kesi moja mahakamani Australia. Walishinda mwaka 2021, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5. Walikuwa wamengoja miaka 13.

Gesi ya Palma si mafuta mazito. Lakini huambatana na mafuta mepesi yenye sumu kwa viumbe vya bahari, na meli zinazoihudumia zina matangi ya mafuta yao wenyewe. Bahari hii nayo haina subira. Karibu na rasi ya Cabo Delgado mkondo mkuu unaotoka mashariki hugawanyika: tawi moja hupanda kuelekea Msimbati na Mtwara nchini Tanzania, jingine hushuka kuelekea Visiwa vya Quirimbas. Uchafu wa Palma unaweza kuwa msiba wa nchi mbili.

Na mwenye mali amekwisha badilika. Mwaka 2019 Anadarko ilinunuliwa na Occidental, na fungu la Msumbiji likauzwa kwa Total ya Ufaransa. Machi 2021 waasi waliushambulia mji wa Palma, na kampuni ikasimamisha mradi. Manusura na familia za waliouawa, wakiwamo za wafanyakazi wa makandarasi, walipeleka malalamiko Ufaransa, na mwaka 2025 uchunguzi wa kimahakama ulifunguliwa huko dhidi ya Total, ambayo sasa huitwa TotalEnergies. Kampuni inakanusha makosa. Shauri hilo ni la damu, si la mafuta, lakini njia yake ni ile ya wavuvi wa Bretagne: kumfuata mwenye mali hadi mlangoni kwake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika madai ya fidia ya aina hii, mlalamikaji huulizwa jambo moja: ulikuwa na nini kabla? Mwenye jahazi ana usajili wake. Aliyekimbia Palma na nguo alizovaa hana karatasi, na mwokota kombe hakuwahi kupewa. Kwa hiyo kazi ya leo ya serikali, ya kampuni na ya mabaraza ya uvuvi ya jamii ni kuandika, kijiji kwa kijiji, nani anavua wapi, anapata kiasi gani, msimu gani wa kusi na kaskazi, na nakala ibaki kijijini. Waandikwe wenye vyombo, na waandikwe wanawake wa bamvua kwa majina yao. Swali la mafuta ni ya nani limepatiwa majibu mengi tangu 1967. Swali la bahari ni ya nani linajibiwa kila maji yakipwa, na jibu lake halijaandikwa popote.