Salahuddin wa Filamu na Salahuddin wa Tarehe



Mada niliyopewa ni uaminifu wa kihistoria katika filamu za kitendi zinazowahusu watawala mashuhuri. Mada hii ni pana mno kwa saa moja. Cleopatra peke yake angetutosha kwa muhula mzima. Kwa hiyo nimemchagua mtawala mmoja, Sultani Salahuddin al-Ayyubi, na filamu mbili: ile ya Mmisri Youssef Chahine iliyotolewa mwaka 1963, na ile ya Mwingereza Ridley Scott, Kingdom of Heaven, ya mwaka 2005. Nimemchagua yeye kwa sababu filamu zote mbili zinamsifu. Upendeleo unaotukana ni rahisi kuutambua. Hata mtoto atang'amua kwamba Waajemi wa filamu ya 300 wamechorwa mfano wa mazimwi. Upendeleo unaosifu ndio utupitao machoni, hasa unapomsifu mtu ambaye tumekwisha kumpenda.

Wachambuzi wa filamu za namna hii aghalabu huanza kwa kuhesabu makosa: upanga huu haukuwapo karne ile, vazi lile ni la watu wengine. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini mimi sitaikalia. Swali ninalotaka tuliulize ni jingine: ili mtawala huyu awafae watu wa zama za mtengenezaji wa filamu, ni jambo gani limelazimika kuondolewa katika maisha yake?

Tuanze na tarehe yenyewe kwa ufupi. Salahuddin alizaliwa Tikrit, katika Iraki, yapata mwaka 1138, katika ukoo wa Kikurdi uliokuwa katika utumishi wa watawala wa Kituruki. Alifika Misri pamoja na ami yake Shirkuh, akawa waziri mwaka 1169, na mwaka 1171 akaukomesha ukhalifa wa Wafatimi. Alipofariki bwana wake Nuruddin mwaka 1174, aliingia Dameski. Tangu hapo, kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi, nguvu zake nyingi zilitumika kupigana na Waislamu wenzake; aliuzingira mji wa Mosul mara mbili. Miaka hiyo haikupata nafasi katika filamu zote mbili. Ndipo ukaja mwaka 1187: ushindi wa Hittin mwezi Julai, na kusalimu amri kwa Yerusalemu tarehe 2 Oktoba. Vita vya Msalaba vya tatu vilifuata, mapatano yakafungwa mwaka 1192, naye akafariki Dameski mwezi Machi 1193.

Habari hizi tunazipata kwa nani? Hapa pana utajiri ambao watengenezaji wa filamu wameuacha ulale. Imaduddin al-Isfahani alikuwa katibu wa Salahuddin; alikula kwake na kumwandikia barua zake. Bahauddin ibn Shaddad alikuwa kadhi wa jeshi lake, lakini aliingia utumishini mwaka 1188, kwa hiyo yaliyotokea Yerusalemu aliyapata kwa kusimuliwa. Wote wawili walimpenda, wala hawakuuficha upendo huo. Wa tatu, Ibn al-Athir, aliishi Mosul, mji ule ule uliozingirwa, na moyo wake ulikuwa kwa ukoo wa Zengi ulionyang'anywa nchi na Salahuddin. Yeye humsifu sultani panapostahili sifa, na humlaumu pia, kwa mfano kwa kuwaachia Wafaranji waliosalimu amri waende kukusanyika katika mji wa Sur, wakapata huko ngome ya kurudishia vita. Basi hakuna hata mmoja kati ya hao watatu asiyekuwa na upande. Faida yetu ni kwamba pande zao hazifanani, na msomaji aweza kumweka mmoja mbele ya mwenzake kama kadhi awawekavyo mashahidi. Mtazamaji wa filamu ana shahidi mmoja tu, naye hahojiwi.

Sasa tuitazame filamu ya Chahine. Jina lake la Kiarabu ni al-Nasir Salah al-Din. Al-Nasir ni lakabu ya kweli ya Salahuddin, lakini mwaka 1963 hapakuwa na Mmisri aliyelisikia neno hilo asimkumbuke Gamal Abdel Nasser. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1961, Shamu ilikuwa imejitoa katika muungano wake na Misri ulioanzishwa mwaka 1958. Mtawala aliyeziunganisha Misri na Shamu akamshinda mvamizi wa kigeni alikuwa mfano uliotamaniwa sana. Ili mfano huo ukamilike, Ukurdi wa Salahuddin ulipaswa kunyamazishwa. Katika filamu yeye ni kiongozi wa Waarabu, anatetea ardhi ya Waarabu, na anasema Kiarabu fasaha. Katika karne ya 12 watu walijitambua kwa dini, kwa ukoo na kwa bwana waliyemtumikia. Utaifa wa namna hiyo ni nguo iliyoshonwa karne ya ishirini.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi katika filamu hiyo unamhusu mtu mdogo kuliko sultani. Bahauddin anasimulia kwamba wakati Akka ilipozingirwa na Wafaranji, alikuwapo Mwislamu mmoja mwogeleaji aitwaye Isa. Usiku alikuwa akipiga mbizi chini ya merikebu za adui na kuwapelekea waliozingirwa barua na fedha, akiwa amejifunga kiunoni. Afikapo salama, njiwa alirushwa kutoa habari. Usiku mmoja njiwa hakuonekana. Siku chache baadaye maiti yake ilitupwa ufukweni na mawimbi, na kiunoni mna dhahabu na barua vilevile. Bahauddin anastaajabia mtu aliyeitimiza amana yake baada ya kufa.

Chahine amemchukua Isa huyu akamfanya Mwarabu Mkristo, askari shujaa mwandani wa sultani, na mpenzi wa mwanamke wa Kifaranji. Sababu yake si ngumu kuiona. Chahine mwenyewe alizaliwa Aleksandria katika nyumba ya Kikristo, na taifa jipya alilotaka kulionyesha ni lile ambamo Mwislamu na Mkristo wa Kiarabu wanasimama safu moja. Nia hiyo naiheshimu. Hata hivyo, yametendeka mambo mawili kwa mpigo: nchi imepewa Mkristo wa kubuni, na Mwislamu wa kweli, maskini aliyezama na dhahabu ya watu kiunoni pasipo kuikimbia nayo, amefutwa. Kwa maoni yangu, hadithi iliyofutwa ni bora kuliko iliyobuniwa.

Filamu ya Scott ilitoka miaka minne baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani na miaka miwili baada ya uvamizi wa Iraki. Ilitaka kuwaambia watazamaji kwamba watu wa dini mbili waweza kuishi pamoja iwapo wakereketwa watazuiwa. Salahuddin, aliyeigizwa kwa heshima kubwa na Msyria Ghassan Massoud, ndiye mwenye busara wa Kiislamu. Balian wa Ibelin ndiye mwenzake wa upande wa pili. Kuhusu Balian nitapita haraka. Filamu inamfanya mhunzi wa Ufaransa. Wa kweli alikuwa bwana mkubwa wa huko huko Mashariki, mume wa Maria Komnene, mjane wa Mfalme Amalric. Mapenzi yake na Sibylla ni ya kubuni. Hittin alikuwapo, akaponyoka.

Tukae mahali mji unaposalimu amri. Katika filamu, Salahuddin anamhakikishia Balian kwamba kila nafsi itasindikizwa salama hadi nchi za Wakristo. Hapatajwi malipo yoyote. Mtazamaji anatoka ukumbini akijua kwamba sultani aliwaacha wote huru.

Ibn al-Athir anasimulia vingine. Salahuddin kwanza alikataa. Alisema atawatenda Wafaranji kama wao walivyowatenda Waislamu wa mji huo mwaka 1099. Hapo Balian akatishia kwamba, wakikata tamaa, watawaua mateka wa Kiislamu waliokuwa mjini, ambao idadi yao yatajwa kuwa elfu tano, na kulibomoa Kubba la Mwamba. Sultani akashauriana na maamiri wake, ndipo akakubali kwa masharti: dinari 10 kwa mwanamume, dinari 5 kwa mwanamke, na kiasi kidogo zaidi kwa mtoto, katika muda wa siku arubaini. Asiyelipa ni mtumwa. Balian alitoa dinari 30,000 kwa ajili ya kundi la maskini. Ndugu yake Salahuddin, al-Adil, aliomba apewe watu elfu moja, akawaacha huru. Patriaki wa mji alitoka na mali nyingi za makanisa. Sultani alishauriwa amnyang'anye akakataa kuvunja ahadi, akapokea dinari zake kumi tu kama za mtu yeyote. Imaduddin, aliyekuwapo, analalamika kwamba maafisa walikula rushwa na fedha nyingi hazikufika hazina. Kisha anatoa hesabu: waliobaki bila fidia walikuwa watu 15,000 hivi, wanawake na watoto wakiwa wengi kuliko wanaume. Ibn al-Athir anasema 16,000.

Ukiyasoma haya, Salahuddin hapungui ukubwa. Ikilinganishwa na mauaji ya mwaka 1099, au na yale ya mateka wa Akka zaidi ya elfu mbili yaliyoamriwa na Mfalme Richard mwaka 1191, huruma yake ni dhahiri. Lakini ilikuwa huruma ya karne ya 12, yenye daftari na mizani. Filamu imeliondoa daftari, na watu elfu kumi na tano wameondoka pamoja nalo. Yule Richard naye anapita mwishoni mwa filamu akielekea vitani, na pazia linafungwa kabla hajafika Akka.

Nalisikia jibu linalotolewa kila mara: filamu ni sanaa, haidaiwi tarehe. Jibu hili ni zito, na sisi watu wa Kiswahili tuna sababu ya kulipima kwa makini, maana mojawapo ya tungo kongwe tulizonazo ni utendi unaomhusu mtawala mashuhuri. Utendi wa Tambuka, uitwao pia wa Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani na kupewa tarehe ya mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa kati ya jeshi la Mtume na lile la Kaisari Heraclius. (Patriaki yule wa dinari kumi naye aliitwa Heraclius, majina ya watu wakubwa hayana mwenyewe.) Tarehe inasema kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulifika ukarudi pasipo mapigano na Warumi. Vita vyote hivyo vya utendi, beti zaidi ya elfu moja, havikutokea. Zaidi ya hayo, mwaka huo wa 1728 Wareno walikuwa wamerejea Mombasa, wakafukuzwa mwaka 1729. Sidai kwamba Mwengo aliwakusudia, lakini msikilizaji wa Pate aliposikia habari za mfalme wa Kikristo mwenye majeshi hakuwa na haja ya kufikiria mbali. Je, Mwengo ana hatia kama ya Scott?

Naona pana tofauti, nayo iko katika njia ya kusadikisha. Utendi huimbwa kwa vina na mizani. Kila ubeti unamkumbusha msikilizaji kwamba kuna mtunzi. Mashujaa wake huua maelfu kwa pigo moja, na nguvu zao hupita za wanadamu. Filamu ya kitendi hufanya kinyume. Hutumia fedha nyingi ili minara ya kuzingiria ngome, deraya, bendera na kuta zionekane kama zilivyokuwa. Usahihi wa vitu ndio dhamana ya yasiyo sahihi katika maneno na matendo: macho yakisharidhika kwamba mnara ni wa kweli, masikio hayaulizi tena kama ahadi ni ya kweli. Ndiyo maana nimesema sitahesabu panga. Filamu yenye panga zote sahihi yaweza kupotosha kuliko yenye panga za bati.

Madhara yake nayaona katika insha za wanafunzi. Mtu anaandika kwa ujasiri kwamba Salahuddin aliwaacha huru watu wote wa Yerusalemu, na hawezi kutaja alikolisoma kwa sababu hakulisoma, aliliona. Napendekeza tusiwakataze filamu. Tuwape kipande hicho cha kusalimu amri pamoja na kurasa husika za Imaduddin na Ibn al-Athir katika Kiswahili. Kwa ajili hiyo kurasa hizo zifasiriwe kutoka Kiarabu moja kwa moja, na mfasiri atakutana na tatizo moja tangu mstari wa kwanza. Walichokiomba Wafaranji wanahistoria hao wanakiita aman. Sisi tunalo neno amani, na mkono utavutika kuliandika. Lakini amani yetu ya leo ni utulivu, hali ya kutokuwapo vita, ilhali aman ile ni ahadi ya usalama atoayo mshindi kwa masharti, na masharti hayo yaweza kuwa na bei kwa kila kichwa. Tukiandika amani bila maelezo, tutakuwa tumeifasiri filamu ya Scott badala ya kitabu cha Ibn al-Athir. Mimi nimejaribu "dhamana ya usalama", nikaona ni refu na lina harufu ya benki; "amani ya masharti" ni afadhali kidogo. Mabingwa wa leksikografia wamo humu ukumbini, nami ningependa kulisikia neno lao kabla hatujatawanyika.