Kuridhika si Kushiba

Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 imeweka maneno mawili jirani katika Wafilipi sura ya 4: kuwa radhi na kushiba. Wengi wetu huyasoma kama neno moja. Kushiba ni la tumbo. Radhi lilitufikia kutoka Kiarabu kupitia pwani, nalo lina ndugu wengi: kuridhika, kuridhia, ridhaa, maridhiano, kuomba radhi, radhi za wazazi. Karibu yote yanamtaka mtu wa pili. Unaweza kushiba peke yako gizani, lakini radhi huombwa na hutolewa.

Nalisema hili kwa sababu huku kwetu neno hilo limehubiriwa sana, na si mara zote vizuri. Almasi ilipatikana Mwadui mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Katikati ya hapo, mwaka 1996, wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa kupisha mgodi mkubwa. Mwanaapolo aliyeacha duara lake namna hiyo, akija kanisani Jumapili akaambiwa aridhike, anasikia nini? Ridhaa yake haikuombwa, na sasa anadaiwa kuridhika. Nami nimewahi kuhubiri hivyo, Bwana anisamehe.

Mtu ataniambia: Paulo naye hakuombwa ridhaa alipofungwa. Kweli. Lakini alisema habari zake mwenyewe. Hakumwandikia mfungwa mwingine kumnyamazisha. Tena katika sura ileile anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake na kumtumia msaada. Aliyekuwa radhi alipokea msaada bila haya.

Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa mvua zikiendelea ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Miti ilipokuwa imekwisha Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliirudia desturi hiyo, na vichaka vikarudi penye vumbi tupu. Ngitili ya kijiji haisimami kwa askari peke yake. Watu hukaa, hubishana, huridhiana mpaka ulipo na siku ya kuufungua, na mwenye ng'ombe mia hupita kando ya majani mabichi na kundi lake lenye njaa, akaenda kutafuta malisho kwingine.