Nguruwe na siri za tumbo letu

Roma, karne ya 2. Tabibu Mgiriki Galen amewaalika watu waje kutazama. Nguruwe amefungwa mezani, anapiga yowe la kuziba masikio. Galen anaitafuta shingoni mishipa miembamba ya fahamu, anaifunga kwa uzi, na yowe linakatika papo hapo, mnyama angali hai. Uzi ukilegezwa, sauti inarudi. Nyani angeweza kutumika pia, ila Galen alitaka mnyama mwenye kelele.

Karne ya 12, walimu wa tiba wa Salerno, kusini mwa Italia, walikuwa bado wanampasua nguruwe. Kitabu chao kidogo, Anatomia porci, kinaeleza kwamba nyani hufanana nasi kwa nje, lakini kwa ndani hakuna anayetukaribia kama nguruwe. Kwa wanaomla kwa jina la kitimoto, na kwa wasiotaka hata atajwe mezani, maneno hayo ni magumu kumeza.

Kwa upande wa tumbo, Salerno hawakukosea sana. Nguruwe hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe, na hula kila kitu: mizizi, nafaka, nyama, makombo. Utumbo wake mpana umejiviringisha kama konokono, wetu haukujiviringisha hivyo, ila kazi ni ileile: bakteria huchachusha humo nyuzinyuzi zilizoushinda utumbo mwembamba.

Kwa watafiti waliotaka kumtumia maabarani, tatizo lilikuwa uzito. Nguruwe wa kufugwa akikomaa huweza kupita kilo 200, na maabara si zizi. Mwaka 1949 Taasisi ya Hormel, Minnesota, Marekani, ilianza kuzalisha nguruwe wadogo. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wakawachanganya hao na nguruwe wa Vietnam wenye vitambi.

Kisha zikaja jeni. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha ramani ya jeni za nguruwe, iliyotokana hasa na jike mmoja wa aina ya Duroc aitwaye T.J. Tabasco. Mwaka 2016 ikatoka orodha ya jeni za vijidudu vya utumboni, iliyokusanywa kwenye kinyesi cha nguruwe 287 wa Ufaransa, Denmark na China: jeni milioni 7.7. Kinyesi kilikuwa na mengi zaidi ya kusema kuliko nguruwe mwenyewe.

Siku hizi, katika majaribio, kundi moja la nguruwe hulishwa mafuta na sukari, jingine nyuzinyuzi. Bakteria wakichachusha nyuzinyuzi hutoa butirati, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na pia huzuia vimeng'enya vinavyofanya baadhi ya jeni zinyamaze. Jeni ni zilezile. Chakula kimegusa sauti yake, kama uzi wa Galen.

Ili kuisikia sauti hiyo, mtafiti hukata kipande kidogo cha utumbo na kupima RNA, nakala ambazo jeni zinazofanya kazi hutoa. RNA huharibika upesi mno. Ndiyo maana kando ya meza huwekwa chombo cha naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kipande hutumbukizwa humo kingali na joto la mnyama.