Upinde mfupi: mwindaji alichagua, si kwamba alikosa mrefu

Hapa Mkwawa ni wiki ya majaribio, na si mnajua wiki ya majaribio watu hawalali, ila pia hawasomi sana, wanabishana. Juzi chumbani kwetu ubishi uliangukia kwenye upinde. Mwenzangu mmoja wa Kahama akasema upinde mfupi ni wa watoto wa kupigia ndege, mwanamume wa kweli anavuta mrefu. Mwingine akaongeza eti mababu zetu walitumia mifupi kwa sababu hawakuwa na utaalamu wa kutengeneza mirefu. Hapo ndipo nikaona hii si hoja ya chumbani tu, maana hao wawili mwakani watasimama mbele ya kidato cha kwanza wakifundisha historia. Nikaenda maktaba, na haya ndiyo niliyokusanya.

Tuanze na kijiti chenyewe. Upinde wa kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida ni kipande kimoja cha mti na ugwe. Nguvu ya mshale inatokana na vitu viwili: upinde ni mgumu kiasi gani, na unauvuta umbali gani. Sasa mti ukiwa mfupi haukubali kuvutwa mbali, unavunjika. Kwa hiyo ukichagua upinde mfupi wa kipande kimoja umekubali kuvuta kidogo, kutumia mshale mwepesi, na kusogea karibu na mnyama. Wamongolia na Waturuki walikuwa na pinde fupi zenye nguvu kubwa, lakini zile zilikuwa za mti uliogandishwa na pembe na kano kwa gundi, zimetengenezwa kwa mtu aliyepanda farasi. Huo ni ufundi mwingine na mazingira mengine. Kwetu sisi swali linabaki: kama mfupi unapoteza nguvu, kwa nini mtu mwenye akili zake auchague?

Jibu la kwanza ni pori. Nenda msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Kule kuna Wambuti wanaowinda kwa nyavu na kuna Waefe wanaowinda kwa upinde, na pinde zao ni fupi sana. Msitu ule huoni mbali, kila mahali matawi na kamba za porini. Mwindaji wa Kiefe anaweza kupanda juu ya mti wenye matunda yanayodondoka, akakaa kimya akingoja nsya aje kula chini yake. Siku nyingine wanatoka kundi pamoja na mbwa, mbwa wanamkurupusha mnyama na wapinde wanangoja njiani. Hebu fikiria uko juu ya tawi na upinde wa urefu wako mwenyewe, utaugeuzia wapi? Hata mshale umepunguzwa mambo, mara nyingi badala ya manyoya wanachomeka kipande cha jani. Safari yake ni fupi, hauhitaji mengi.

Kisha njoo kwetu Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Hapo kuna nyika, miiba na uwazi mwingi, na mnyama anakuona kabla hujamwona. Upinde wa Mhadzabe ni mrefu na mgumu, ugwe ni wa kano za mnyama mkubwa, na mishale nayo ni mirefu. Kwa ndege na wanyama wadogo anatumia mishale isiyo na sumu, yenye sumu anaiweka kwa wakubwa. Kwa hiyo Mwefe na Mhadzabe wote ni wapinde hodari, ila ukiwabadilishia silaha wote wawili watalala njaa. Hakuna aliye nyuma ya mwenzake hapo.

Jibu la pili ni mnyama unayemtaka, na mfano mzuri uko Kenya, upande wa Tsavo. Waata, ambao vitabu vingi vya zamani vinawaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde. Baadhi ya pinde zao zilidai nguvu inayozidi kilo 45 kuvuta. Kwa watu wa Rujewa nitasema hivi: ni karibu na uzito wa gunia la mchele la kilo 50, sasa ulishike kwa vidole huku umelenga shabaha. Ngozi ya tembo ni nene, na mshale lazima upite hadi ndani. Majirani zao Wakamba, ambao nao ni wapinde wenye sifa kubwa, walitumia pinde fupi na nyepesi zaidi. Eneo ni karibu lile lile, sumu ni ya jamii ile ile ya mti wa Acokanthera, lakini uamuzi tofauti. Mkamba alikuwa mkulima, mfugaji, mfanyabiashara wa masafa na pia mwindaji, akahitaji silaha ya kubeba safari nzima na kutumia kwa mengi. Mwata alijenga maisha yake juu ya mnyama mmoja mkubwa. Kila mmoja alichukua upinde wa maisha yake.

Jibu la tatu ndilo lililonishangaza zaidi, nalo ni sumu. Sie tumezoea kufikiri mshale unaua kama risasi, kwa kishindo. Kumbe kwa mwenye sumu kazi ya mshale ni kupasua ngozi na kufikisha mzigo kwenye damu, basi. Anayeua ni mti. Ukishaelewa hilo, ufupi wa upinde hauna ajabu tena, maana nguvu uliyoipunguza kwenye kijiti umeirudisha kwenye ncha. Na sumu nayo ilikuwa na mafundi wake na soko lake. Wagiriama wa pwani ya Kenya walijulikana kwa kuitengeneza na kuwauzia wawindaji, yaani ilikuwa biashara kamili.

Wasomi wa Ulaya waliijua siri hii kwa bahati. John Kirk, yule yule ambaye mwaka 1873 alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar wakati wa mkataba wa kufunga soko la watumwa, kabla ya hapo alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya Livingstone kwenye Zambezi. Huko alikusanya sumu ya mishale itokanayo na mmea wa Strophanthus. Mswaki wake ukagusana na ile sumu, akapiga mswaki, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, ikatoka strofanthini, ikatumika hospitalini kutibu ugonjwa wa moyo. Maana yake mtu mwenye upinde mfupi ambaye kitabu kinamwita wa zamani alikuwa ameshika kemia iliyokuja kuingia maabara za Ulaya. Aliijua kwa jina la mti na kwa hatua za mnyama aliyejeruhiwa.

Sasa mtauliza, kama upinde una historia nzito hivi mbona hatuufundishwi? Sababu moja ni kwamba mti unaoza. Ukipanda basi la Mbeya kutoka hapa Iringa, kilomita kama 20 tu unapita Isimila, mahali ambapo zana za mawe ziligunduliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Mashoka yale ya mawe yana umri unaozidi miaka 200,000 na bado unaweza kuyaona kwa macho. Upinde ulioachwa porini hata miaka 20 haufiki, mchwa wanamaliza. Kinachobaki ni dalili. Pango la Kuumbi kule Jambiani, Unguja, limetoa ncha za mifupa za miaka kama 13,000 iliyopita ambazo watafiti wanadhani zilikuwa za mishale, labda ya sumu, kwa sababu ni nyembamba mno kuua kwa nguvu peke yake. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, nayo ina wawindaji wenye pinde. Mwenye jiwe ameandikiwa sura nzima, mwenye mti kaachiwa mstari mmoja.

Sababu ya pili ni kwamba historia ya karne ya 19 kwetu huku imeandikwa na watu waliokuja kutafuta pembe za ndovu na wafalme. James Elton alipofika Usangu mwaka 1877 alikuta nchi ya Merere iliyo kwenye vita na biashara, na habari zake ni za ngome, bunduki na pembe. Upande wa Uhehe nako kinachosimuliwa ni Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa alipolivamia jeshi la Zelewski. Mkuki na bunduki vikachukua nafasi yote. Ila angalieni kitu kimoja: Lugalo ilikuwa vita ya kuvizia. Wahehe walingoja adui afike karibu ndipo wakatoka, na bunduki za Wajerumani hazikupata muda wa kufanya kazi. Ni hesabu ile ile ya mwenye upinde mfupi, kwamba ukifuta umbali, silaha ya masafa inapoteza faida yake.

Nikileta vigezo hivi nyumbani Rujewa napata zoezi zuri. Ukishuka Igawa ukaingia ndani, unakutana na tambarare: majaruba ya mpunga, mbuga, na mbele zaidi Ihefu. Pale mfupi bila sumu ni mzigo tu, swala anakuona kutoka mbali. Geuka upande wa vilima na miombo minene, mambo yanabadilika, hatua 15 mbele yako ni kichaka, na upinde mrefu unanasa kila tawi. Mtu wa eneo kama letu angeanza kwa kuuliza kesho anakwenda upande gani. Swali hilo ni la mtaalamu.

Lakini ndugu zangu, leo hakuna anayeuliza kesho anakwenda upande gani. Mwaka 1896 gavana Wissmann alitoa amri ya jumla ya uwindaji, zikaja leseni na maeneo ya hifadhi, na kuanzia hapo uwindaji ukaanza kuwa haki ya mwenye karatasi. Kule Tsavo hifadhi ilianzishwa mwaka 1948, na kampeni dhidi ya ujangili ya mwaka 1956 na 1957 ikawapeleka Waata wengi gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kihalali kwa mshahara, haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Kwetu, Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Ukikutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, upinde ukiwemo, hiyo ni kesi.

Mimi sitetei ujangili. Tembo na nyati wa Ruaha nawataka waendelee kuwepo, na mtu anayeua kwa ajili ya pembe hana cha kunieleza. Ninachosema ni kwamba sheria ilipokataza kitendo, ujuzi nao ukajificha. Mzee anayejua mti gani haupasuki ukipindwa na ugwe gani unavumilia mvua hawezi kusema mbele za watu, maana kusema ni kama kukiri. Akifa, anaondoka nayo. Na kijana wa Mbarali anabaki kujua upinde kwa njia mbili tu: filamu na mahakama.

Kitu kimoja kinanipa matumaini. Huko kwao mwenzangu wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu, na silaha yao ilikuwa upinde na mshale. Serikali ilianza kwa mashaka, ikaja kuwatambua. Kwa hiyo upinde ulipata kazi mpya ya kulinda, na kwa sababu ulikuwa na kazi, haukusahaulika. Kitu kikiwa na kazi, watu wanaendelea kukijua.

Sasa sie walimu watarajiwa kazi tutakayoupa ni ya darasani. Tukifundisha zana kama ngazi, jiwe chini, upinde juu yake, bunduki kileleni, mtoto atatoka akiamini babu yake alikuwa mjinga aliyekuwa akisubiri bunduki. Mimi nikifika kwenye mada hiyo nitaweka ubaoni maswali manne: unaona umbali gani, unamtaka mnyama gani, kinachoua ni nini, na utaibeba silaha hiyo safari ndefu kiasi gani? Halafu nitawaacha wachague wenyewe urefu wa upinde na watetee uamuzi wao. Najua watabishana kuliko sisi.

Ombi langu kwenu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha: mkikutana na mzee anayekubali kuongea, msimuulize ameua wanyama wangapi. Muulizeni alichagua vipi mti. Andikeni jina lake la kienyeji jinsi anavyolitamka yeye, kisha mniletee. Haya, narudi kwenye majaribio, kesho saa mbili asubuhi nina saikolojia ya elimu na sijagusa kitu.