Aliyetunga "Yesu Kwetu ni Rafiki"



Ukienda matanga hapa Voi mjini, au Mbololo, au kule juu Wundanyi, kuna wimbo usiohitaji kitabu. Mama mmoja anauanzisha, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza uwanja wote umeshaitikia: Waanglikana, Wakatoliki na sisi Wapentekoste. Ni "Yesu Kwetu ni Rafiki". Je, unajua ulitoka kwa nani?

Joseph Scriven alizaliwa Ireland mwaka 1819. Mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya harusi. Scriven akahamia Kanada, na mwaka 1855 akaandika shairi la kumfariji mama yake, aliyebaki ng'ambo. Baadaye akachumbia tena. Huyo wa pili, Eliza Roche, akaugua akafa mwaka 1860, ndoa haijafungwa. Soma tena hapo, mpendwa. Mtu aliyetufundisha kupeleka yote kwa maombi alizika wachumba wawili.

Na hakujitangaza. Pale Port Hope alijulikana kama mtu wa kupasulia wajane kuni bila malipo. Shairi lilichapwa bila jina lake, na kwa muda watu walidhani ni la Horatius Bonar, mshairi wa Scotland. Tuni tunayoimba ilitungwa na Charles Converse mwaka 1868. Scriven alikufa mwaka 1886, naye pia majini.

Basi jina la Scriven lilipatikana. Lakini wewe huimbi maneno ya Scriven! Unaimba Kiswahili, na Kiswahili hicho kilitungwa na mtu. Hesabu mizani ya jina la wimbo: Ye-su-kwe-tu-ni-ra-fi-ki. Nane. Ni mizani ileile ya tenzi za pwani, kama ule ambao Mwana Kupona, mama Mwislamu wa upande wa Lamu, alimtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Kijana anamwandikia mama, mama anamwandikia binti, miaka mitatu tu kati yao, wala hawajuani. Aliyeleta shairi la Scriven kwa Kiswahili alilazimika kutoshea mizani, vina na tuni ya kigeni, bila kupoteza faraja. Hiyo ni kazi ya mshairi, si ya karani. Fungua kitabu chako cha Tenzi za Rohoni umtafute juu ya wimbo. Changu hakimtaji.

Hata kwetu Taita ni hivyo. Mmisionari J. A. Wray wa CMS alifika Sagalla mwaka 1883, muda mfupi kabla ya ile njaa kali wazee waliyoiita Mwakisenge. Mwaka 1894 kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kitaita kikachapwa London. Jina kwenye jalada ni Wray. Lakini mgeni hajifunzi lugha kutoka kwa mawe ya mlima. Kuna Wasagalla walioketi naye, wakamtamkia neno, akakosea, wakarudia. Hao ndio waliofungua njia ya Injili kuimbwa kwa lugha ya nyumbani.

Biblia haikudharau jambo hili. Angalia juu ya Zaburi: Asafu, wana wa Kora, Hemani. Zaburi ya 88 ni nzito mno, karibu yote ni giza, na bado jina la Hemani liko pale. Zaburi ya 137 haina jina, na kila nikiisoma natamani kumjua aliyelia vile kando ya mito ya Babeli.

Sasa, wanakwaya, nasema nanyi. Daftari zenu zimejaa pambio za Kidawida na Kisagalla zilizotungwa na mama zetu, na juu yake mmeandika "wimbo wa 14" tu. Baadhi ya mama hao bado wako hai. Wengine wanasikia kwa shida. Jumapili hii, kabla ya mazoezi, chukueni daftari mwende kwa bibi mkamuulize: huu ni wa nani, na alikuwa anapitia nini alipoutunga? Andikeni kwa kalamu ya wino.