Madeni ya Webuye

Senge yangu ana daftari la kurasa mia mbili ambalo limekaa chini ya godoro lake tangu 2009. Kwa sisi Wabukusu senge ni dada ya baba, na ni mtu ambaye huwezi kumkatalia kitu. Desemba iliyopita alinipigia simu nitoke Myanga niende Webuye nikamsaidie kufunga mizigo, maana ameamua kurudi kwenye boma la babu. Nilipofika akanipa lile daftari kwanza. "Angalia kama kuna kitu ndani. Kama hakuna, nitawashia jiko."

Lilikuwa daftari la madeni. Kwa miaka karibu ishirini senge alikuwa na kibanda cha chapo madondo karibu na geti la kiwanda cha karatasi, Pan Paper, na wateja wake walikula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Hakuandika majina yao. Aliandika kazi zao: Boila. Magogo Mrefu. Mkamba wa Lori. Baba Mapacha, Usiku. Fundi Stima (wa pili). Ukurasa baada ya ukurasa, chapati mbili, chai, madondo nusu. Nimesoma historia ya Webuye mahali pengi, lakini sijawahi kuiona imepangwa hivi.

Ukitaka kujua kwa nini watu hao wote walikutana hapo, simama kwenye daraja la Nzoia, barabara ya Kakamega. Chini yako kuna maji mengi yanayotoka Cherangany na Elgon kuelekea Ziwa Victoria. Juu ya mji kuna vilima vya Chetambe. Katikati hapo inapita reli, ile ile inayopita Myanga kwetu ikielekea Malaba, na barabara kuu ya Uganda. Barabara ya Kitale nayo inaanzia hapo. Maji, reli, barabara. Kilichokosekana ni miti tu, na miti ikapandwa, misonobari na misaipresi, kwenye misitu ya Turbo na kwingineko.

Lakini tusianze na kiwanda, kwa sababu hapo palikuwa na watu. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome ya Chetambe wakapigana na jeshi lililoletwa na Hobley, mtawala Mwingereza. Wengi wao walikuwa na mikuki, wenzao bunduki. Waliouawa ni wengi, na mlima haukusahau. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka maelfu ya wafuasi wake huko kuwakumbuka. Serikali ya kikoloni ilimwogopa mtu huyu vibaya sana, na mimi huona ile safari ndiyo iliyowatisha zaidi. Kuimba ni kitu kimoja. Kuwaonyesha watu mahali ambapo babu zao walizikwa ni kingine.

Reli ilipita miaka ya 1920, na stesheni ikaitwa Broderick Falls, kwa heshima ya Mzungu, kana kwamba maporomoko hayakuwa na jina kabla yake. Yalikuwa nalo. Wazee wanayaita Nabuyole hadi leo. Jina la Webuye lilikuja kushika baada ya uhuru.

Halafu ndio ikaja karatasi. Serikali ya Kenya, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, na Orient Paper Mills ya familia ya Birla kutoka India waliungana, na mwaka 1974 mashine zikaanza kuzunguka. Nchi ilitaka viwanda viende pia nje ya Nairobi na Mombasa, na ilitaka kuacha kuagiza karatasi ng'ambo. Magogo yaliingia upande mmoja, yakakatwa vibanzi, yakapikwa kwa dawa zenye salfa mpaka yakalainika kama uji, na upande wa pili zikatoka roli za karatasi ya magazeti, ya mifuko, ya madaftari. Huenda hata daftari la senge lilizaliwa pale, mita chache kutoka kwenye kibanda alichokuwa akiliandikia. Nililigeuza nikitafuta alama ya kiwanda. Jalada limechanika.

Mtu wa Webuye wa rika la wazazi wetu ukimuuliza kuhusu kiwanda atakuambia vitu viwili. King'ora, ambacho kiliamsha hata wasiofanya kazi pale. Na harufu. Salfa ikipikwa na mbao inatoa harufu ya yai lililooza, na msafiri wa basi la usiku alijua amefika Webuye hata kabla ya kufungua macho. Mvuke ule ulikula mabati. Wenyeji walilalamika miaka mingi kwamba paa zinashika kutu na kutoboka kabla ya wakati wake. Samaki wa Nzoia na maji machafu ilikuwa kesi nyingine. Senge anasema watu waliita ile harufu "mshahara". Wageni walishika pua, wenyeji walivuta pumzi. Sijui niichukulie kama mzaha au la. Labda ilikuwa yote mawili.

Kulikuwa na nyumba za kampuni zenye fensi, na nje ya fensi kukaota ploti za chumba kimoja kimoja za vibarua. Kulikuwa na timu ya mpira iliyocheza ligi kuu. Watu walikuja kutoka Kisii, Siaya, Machakos, na watoto wao wakakua wakiongea Kibukusu cha kuchanganya.

Januari 2009 kiwanda kilifungwa, kikiwa kimelemewa na madeni, likiwemo la umeme. Kurasa za mwisho za daftari ni za mwezi huo. Hakuna mstari wa kufunga hesabu. Kuna "Boila 220", kuna "Magogo Mrefu 95", halafu karatasi tupu.

Uturuki, katika mji wa İzmit, kulikuwa na kiwanda cha namna hiyo kiitwacho SEKA. Kilifunguliwa 1936, na mwanzilishi wake alichukua jina la ukoo Kağıtçı, yaani mtengeneza karatasi. Mwaka 2005 serikali ilipotaka kukifunga, wafanyakazi walijifungia ndani siku 51, familia zao zikiwa getini. Walishindwa. Lakini 2016 kiwanda kikafunguliwa kama makumbusho ya karatasi, mashine zikiwa mahali pake. Mwaka huo huo wa 2016 mitambo ya Webuye iliuzwa kwa kampuni ya Rai kwa shilingi milioni 900, bei iliyozua kelele bungeni na mitaani. Karatasi inatengenezwa tena pale, ila mji wa king'ora haujarudi. Na hakuna chumba, hata kimoja, ambapo mtoto wa Webuye anaweza kuonyeshwa mzee wake alikuwa anafanya nini.

Nilimwambia senge asichome.

"Ya nini sasa? Hawa si walienda? Wengine wamekufa."

Nikamwambia hilo ndilo orodha pekee ya wafanyakazi niliyowahi kushika mkononi. Akacheka. Akachukua daftari, akafungua katikati bila kutafuta, akanionyesha mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu: Baba Mapacha, Usiku, 340. Alikuja 2017, akiwa dereva wa lori la Malaba, akasimama barabarani na kuuliza kwa yule mama wa chapati. Alilipa elfu moja akakataa chenji.

"Bado niko na wengine hamsini na nane," senge akasema, akalifunga daftari kwenye leso na kuliweka juu ya sufuria, mahali ambapo halitakunjika njiani.